Wifi wa Chini ya Benchi

1

Siku Fundi Kitundu alipomvisha Atuganile kikuku, mimi ndiye niliyeambiwa nishike bisibisi. Skrubu zilikuwa nne, ndogo kama punje za mtama. Kila nilipokaza moja nilisema moyoni: hii ilikuwa yangu. Na hii yangu. Nilikaza mpaka mtoto wa watu akalalamika.

"Dada Siki, inabana."

"Ndivyo inavyotakiwa," nikamjibu.

Uongo mtupu. Haikutakiwa kubana vile.

Afadhali niseme mapema, maana watu wa hapa Singida wameshaanza kuisimulia habari hii kana kwamba nilikuwa malaika aliyevaa ovaroli. Nilikuwa na wivu. Si wivu wa kununa asubuhi ukaisha mchana. Ulikuwa wivu wa kuhesabu mwenzako ameitwa mara ngapi na wewe mara ngapi, wa kulala na kuamka nao. Wivu kidonda, ukishiriki utakonda, mama yangu hupenda kusema, na ovaroli yangu ilishaanza kunipwaya kiunoni. Jina langu ni Sikitu Mkumbo. Wenzangu hulikata wakaniita Siki, na wanaonijua husema siki ndiyo yenyewe.

Nilikuwa mwanagenzi wa Fundi Kitundu kwa miaka minne. Mwaka wa kwanza hakunipa ila tupa na kipande cha chuma, nikasugua mpaka viganja vikaota sugu na sugu zikapasuka. Mwaka wa pili nikatengeneza mabapa yangu matatu, vyuma bapa vya kupimia kazi, kwa miezi saba. Mwaka wa tatu na wa nne nikasimama kwenye mashine ya kukereza, nikafagia chenga za chuma, nikampikia chai ya tangawizi, nikamsikiliza akimtukana kila mhandisi aliyewahi kuzaliwa. Miaka yote hiyo kikuku kilikuwa kwenye mkono wake wa kulia, kikimsikiliza. Kila alipobonyeza na kila alipolegeza, msuli upi umeanza na upi umefuata, kilihifadhi yote. Na miaka yote hiyo nilijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba kikishiba kitakuja kwangu.

Kisha Fundi akapata kiharusi kidogo, mkono ukaanza kutetemeka, na kikuku kikavuliwa. Akampa Atuganile Mwakalobo wa Tukuyu, msichana wa miaka ishirini, mwenye miezi kumi na moja tu kwenye karakana na kucha za rangi ya zambarau.

Kingekaa kwenye mkono wake siku arobaini, kikiufundisha hata akiwa usingizini, mpaka nyama na mishipa ikubali. Baada ya hapo kikuku kingekuwa kitupu. Sheria ni mkono mmoja kwa mrithi mmoja. Iliwekwa baada ya mambo ya kile kiwanda cha pampu, ambako mafundi mia mbili walipewa mkono wa mtu mmoja, wakakosea kosa moja, na hapakuwa na hata mmoja wa kushtuka.

"Fundi," nilimwambia jioni ile akijifuta mafuta, "na mimi?"

"Wewe nini?"

"Mimi nitarithi nini?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza njia ya kwenda kwao.

"Wewe una mikono yako, binti."

Akaenda kunywa chai. Mtu mwingine labda angefarijika. Mimi nilijiona kama mgeni aliyeletewa sinia tupu akaambiwa, karibu, si una meno?

2

Siku ya arobaini na moja Atu alishika kikwangulio, chuma kirefu chenye ncha bapa ambacho sisi hukitumia kukwangua uso wa chuma kingine, na watu wote wakaacha kazi zao kumtazama.

Ulikuwa mkono wa Fundi. Sisemi ulifanana nao, nasema ulikuwa wenyewe. Ulikwenda mbele kwa kifupi, ukarudi, ukafuta ncha kwenye paja la kushoto mara mbili, chap-chap, kama alivyokuwa akifuta yeye kabla ya kuugua. Kazi iliyonichukua mimi wiki mbili, Atu aliimaliza kwa siku mbili. Sisi wengine hupaka bluu kwanza, tukasugua, tukatazama rangi imeshika wapi, ndipo tukakwangua. Mkono ule haukuhitaji kungoja bluu. Ulikwenda wenyewe, kwa kumbukumbu, na ndiyo maana migodi yote iliutaka.

Fundi Kitundu alikaa kwenye stuli karibu na dirisha, kikombe kikimgongagonga meno, akautazama mkono wake ukifanya kazi kwenye bega la mtu mwingine. Machozi yakamtoka. Hakuyafuta.

Miaka minne, jamani, na hata siku moja hakuwahi kunitazama hivyo.

Mwezi wa tano ukaletwa mzigo kutoka mgodi wa Kinyasi: breki za kizimba. Kizimba ndicho kinachowashusha wachimbaji, watu arobaini kwa safari moja, kilomita mbili na nusu chini ya ardhi. Breki yake ni sahani mbili za chuma, kila moja upana wa sahani ya wali, zinazokumbatiana kamba ikikatika. Lazima zigusane kila mahali. Mashine huzilainisha mpaka zinateleza, lakini mkono wa fundi huacha vishimo vidogo vya kushika mafuta, kwa hiyo hata leo, na maarifa yote haya, kazi hii hufanywa kwa mkono. Atu alitengeneza jozi mbili, moja ya kufungwa na moja ya akiba.

Mhandisi Mpinga wa mgodini, mama mnene mwenye kicheko kikubwa, alikuja kuzitazama Jumatatu.

"Ijumaa nakuja na mihuri," akasema. "Jumamosi tunashusha. Binti, desturi yetu unaijua?"

"Ndiyo, mama," Atu akajibu. "Aliyetengeneza breki hupanda safari ya kwanza."

"Na tunaachia kamba."

"Najua, mama."

"Huogopi?"

Atu akacheka, akainua mkono wa kulia. "Huu umeshafanya kazi miaka hamsini. Niogope nini?"

Watu wakampigia makofi. Na mimi nilipiga. Viganja vyangu vina sugu, vilitoa sauti kubwa kuliko vya wote.

3

Jumanne, saa ya chakula, watu wote walipokwenda kwa mama lishe, mimi nilibaki. Nilisema tumbo linauma. Kweli lilikuwa linauma, ila si kwa ugonjwa. Nilitaka kuiona kazi ya Atu bila Atu, niipekue, nikute hata mkwaruzo mmoja wa kulala nao kifuani.

Chini ya benchi langu, ndani ya kitambaa chenye grisi, nilikuwa nimemficha Wifi.

Hapa lazima nieleze. Ukitaka kutengeneza uso wa chuma ulio bapa kweli, na huna bapa jingine la kupimia, unatengeneza mawili na kuyasugua pamoja kwa rangi ya bluu. Yatakubaliana upesi. Shida ni kwamba moja linaweza kuwa na tumbo na jingine likawa na bonde, tumbo likalala ndani ya bonde, bluu ikaenea vizuri kote, na wewe ukaenda nyumbani unajisifu. Kwa hiyo lazima liwepo la tatu. La kwanza lisuguane na la pili, la pili na la tatu, la tatu na la kwanza, kwa zamu, miezi na miezi, mpaka yote matatu yakubaliane. Karakana yetu huliita la kwanza Bwana, la pili Bibi, na la tatu Wifi. Bwana na Bibi wanaweza kusitiriana uongo ndani ya nyumba. Wifi akiingia tu, kila kitu hadharani.

Kila mwanagenzi hutengeneza matatu yake madogo mwaka wa pili. Atu hakutengeneza. Mwenye mkono wa kurithi ana haja gani?

Nikampaka Wifi wangu bluu kwa kidole, nyembamba kama pumzi kwenye kioo. Nikamlaza juu ya sahani ya breki ya Atu, nikamzungusha taratibu, nikamwinua.

Bluu ilikuwa katikati tu. Doa moja, upana wa kikombe cha kahawa. Pembeni kote chuma kilibaki cheupe.

Nikafuta, nikarudia. Nikaleta sahani ya pili. Nikaleta na za akiba. Zote nne zilikuwa na tumbo, na tumbo lile lilikuwa mahali palepale. Ukubwa wake haukufika hata sehemu ya kumi ya unywele, lakini sahani mbili zenye matumbo hugusana kwa matumbo tu. Mzigo wa watu arobaini ukizilemea, zitachemka hapo katikati na kuteleza.

Mungu anisamehe, nilicheka. Peke yangu, katikati ya karakana, nimeshika sahani ya chuma, nilicheka mpaka nikaegemea jiliwa la kubania chuma.

Kisha nikaanza kujiuliza kosa limetoka wapi, na jibu lilikuja upesi mno. Miaka miwili iliyopita tulipohamisha karakana, mnyororo wa winchi uliponyoka na Wifi mkubwa, yule wa kupimia kazi zote, akapasuka vipande viwili. Mwaka huohuo Bwana na Bibi wakubwa walikuwa wamechakaa, wanahitaji kukwanguliwa upya. Nilikuwepo. Nilimuuliza Fundi, Wifi mpya tunamtengeneza lini? Akasema bega linauma, baadaye. Akawakwangua wale wawili peke yao. Wakakubaliana vizuri sana.

Basi Bwana alikuwa na bonde, Bibi alikuwa na mimba, na hakuna aliyeona. Kila kazi ya Fundi tangu siku ile ilisuguliwa kwa Bwana. Mkono wake ukalizoea lile bonde, kikuku kikalihifadhi, na Atu akalirithi kama mtoto anavyorithi pengo la meno la babake. Na kile chombo chetu cha mwanga tunachokiita Jicho, kinachopima kila kitu na kukisemea kwa sauti, huwekwa sawa kila asubuhi kwa kutazama uso wa Bibi. Jicho lisingeona kitu. Jicho lilikuwa limelelewa na Bibi.

Kicheko kikaniishia hapo. Jumamosi yule mtoto atapanda kizimba, na kamba itaachiwa.

4

"Njoo uone kazi ya mkono wako," nilimwambia Atu alipoingia anachokonoa meno.

Akatazama doa la bluu, akanitazama mimi, akalitazama tena. Si mjinga. Hakuniuliza ni nini. Alichukua kikwangulio, akakiweka katikati, juu ya lile tumbo, akasukuma.

Ncha ikateleza ikaenda pembeni.

Akarudia. Mkono ukaanza katikati, ukakata kona wenyewe, ukaenda kukwangua ukingo, ukafuta ncha kwenye paja mara mbili. Akaukamata kwa mkono wa kushoto, akaulazimisha. Mshipa wa shingo ukamsimama. Kikwangulio kikatetemeka mahali pamoja bila kukata chochote.

"Dada Siki, hautaki," akasema. "Nauambia, hautaki."

Nilikuwa nimeingoja saa hiyo miezi mitano. Ilipofika, utamu wake ulikuwa wa funda moja la soda. Baada ya hapo nikabaki namtazama msichana analia, rangi ya kucha imembanduka.

Fundi akaingia. Aliona Wifi juu ya benchi kabla hajatuona sisi.

"Nani kakutuma?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Wivu umekutuma."

"Ndiyo, Fundi. Wivu umenituma. Sasa tazama bluu."

Aliitazama. Akaninyang'anya Wifi, akapima mwenyewe mara tatu. Mara ya tatu akamweka chini polepole, akaenda kufunga mlango.

Nilitegemea matusi. Fundi Kitundu ana matusi ya Kinyaturu ambayo hata ng'ombe hushtuka. Badala yake alikaa kwenye stuli, akasema, "Unajua sheria."

Niliijua. Mkono uliorithiwa ukikutwa na kasoro, unafutwa. Kikuku hurudishwa, na kwa usiku mmoja huondoa vyote kilivyoweka. Mkono wa Fundi usingebaki popote duniani. Wake mwenyewe ulishachukuliwa na kiharusi.

"Lile tumbo unaweza kulitoa?" akauliza.

"Kwa jozi moja, naweza. Siku mbili na nusu."

"Basi litoe. Atu apige mhuri. Na zijazo zitapita kwako kwanza, kimyakimya, kabla hazijatoka. Hakuna atakayeumia. Mkono utaishi. Sikitu, nakuomba."

Hakuwahi kuniomba kitu. Hata chumvi alikuwa akiamuru.

Nikaona hapo ndipo pa kuuliza, na nikauliza. Nilikuwa nimejitungia jibu tamu, nikamwekea mdomoni. "Fundi, ulinikosesha makusudi? Ulijua mkono umepinda, ukataka abaki mtu wa kukukosoa?"

Akafikiri. Angeweza kunidanganya, na ningemwamini mpaka kaburini.

"Hapana," akasema. "Sikujua kitu. Nilimpa Atu kwa sababu ana mkono mwepesi kuliko wako. Nilitaka wangu ukae pazuri."

Haya. Nilitaka kujua, nikajua.

Niliichukua ile kazi. Sitajipamba. Nilikubali kwa sababu aliniomba, na kwa sababu mkono ule niliupenda kuliko chochote kilichotengenezwa na mtu, na kwa sababu ya tatu ambayo ni mbaya: kuanzia siku hiyo, kila sifa atakayopewa Atu, yeye na mimi tungejua ni ya nani. Nilikwangua Jumanne ileile, Jumatano na Alhamisi, mlango umefungwa, Atu amekaa pembeni ananikunjia vitambaa. Alhamisi alasiri Wifi alilala juu ya sahani zote mbili na bluu ikaenea mpaka ukingoni, madoa madogo madogo kila mahali kama manyoya ya kanga. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na ingetoka kwa jina la Mwakalobo.

5

Ijumaa Mhandisi Mpinga alikuja na watu sita wa mgodini. Vijana wa kuchomelea wakajaa dirishani. Fundi alikuwa amevaa koti. Nikaweka sahani ya kwanza chini ya Jicho, mwanga wa kijani ukapita juu yake, na Jicho likasema kwa ile sauti yake ya adabu:

"Kasoro. Bonde katikati."

Mafundi watatu tulikuwa na siku mbili na nusu za kufikiri, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona hili! Jicho lilijua kwamba Bibi mwenye tumbo ndiye bapa. Kwa hiyo kilicho bapa kweli, kwake kilikuwa na bonde.

Sahani ya pili. "Kasoro. Bonde katikati."

"Jumatatu hizi zilikuwa safi," Mhandisi akasema. Hakucheka. "Nani kazigusa?"

Atu akatazama sakafu. Fundi akatazama kikombe chake.

"Mimi," nikasema.

"Wewe? Kwa nini?"

"Wivu huo!" kijana mmoja akapaza sauti dirishani, na watu wakaangua kicheko. "Tangu kikuku kimpite, haongei na mtu!"

"Lete za akiba," Mhandisi akasema.

Zikaletwa. Jicho likapita. "Sawa," likasema. "Sawa." Mhandisi akashusha pumzi, akatoa mhuri, akampa Atu, akanigeuzia mgongo. Kwao mambo yalikuwa yamekwisha. Mimi nilikuwa mtu mwenye roho mbaya aliyetaka kuharibu breki, na labda polisi wangeitwa baadaye, baada ya chai.

Nilingoja mmoja wao aseme. Sekunde ngapi sijui. Atu alishika mhuri juu ya chuma, na hakusema. Alikuwa tayari kupanda kizimba kile kuliko kuurudisha mkono. Nikamwelewa kabisa, maana hata mimi ningepanda. Na kuna sauti ndogo ndani yangu, naijua kwa jina, iliniambia: umeshajaribu, umeshatukanwa, nenda zako, acha apande.

"Mama," nikasema, "ni kweli nina wivu. Waulizeni wote, watawaambia, na hawatadanganya. Nilitaka mkono huo na bado nautaka. Lakini bluu haijui aliyeipaka ana moyo gani. Naomba dakika kumi."

Sikungoja ruhusa. Nilivuta kitambaa chini ya benchi, nikaweka mabapa yangu matatu mbele yao, Bwana, Bibi na Wifi, nikampa Mhandisi kopo la bluu apake yeye kwa kidole chake. Akasugua la kwanza na la pili, la pili na la tatu, la tatu na la kwanza. Yote yakakubaliana. Kisha nikamwambia achague lolote alitakalo, asugue kwenye sahani ya akiba ambayo Jicho limeisifu.

Akachagua Bwana. Doa katikati. Akachagua Bibi. Doa katikati. Wifi, doa katikati. Akaweka zile nilizokwangua mimi, bluu ikaenea mpaka ukingoni. Hatimaye akaenda mwenyewe kwenye sanduku la kioo anamohifadhiwa Bibi mkubwa, akamgeuza, akamsugua kwa Wifi wangu mdogo. Tumbo likaonekana bila kificho.

Dirishani hakuna aliyecheka tena.

Fundi Kitundu alisimama. Alichukua muda, mguu mmoja haukumtii. "Wifi mkubwa alivunjika, na mimi sikutengeneza mwingine," akasema. "Bega liliuma, na nilijiona sihitaji. Andika jina langu, mama. La binti huyu usiliandike, wala la yule." Kisha akamwambia Atu, bila kumtazama, "Weka mhuri chini, mwanangu."

6

Jumatatu kikuku kilirudishwa kwenye mkono wa Atu ili kufuta, na mimi ndiye niliyeshika bisibisi. Skrubu zilezile nne. Safari hii sikukaza sana.

Asubuhi yake alinyoosha vidole mbele ya uso kana kwamba ameviazima. Akashika kikwangulio, kikamwanguka. Fundi hakuja siku hiyo, wala wiki hiyo. Alipokuja alikaa kwenye stuli yake bila kuomba chai, na nilipomwamkia alisema marahaba na hakuongeza neno. Hajaongeza mpaka leo. Mimi ndiye niliyeuua mkono wake. Anajua ilibidi, na hanisamehi. Sidhani kama ningemsamehe mimi.

Jumamosi ya wiki ya tatu nilipanda kizimba na sahani zangu. Kamba ilipoachiwa nilimwita mama kwa jina lake la utotoni. Breki ikakamata. Nilipoteremka wachimbaji wakanibeba juu juu wakiimba, na jambo la kwanza nililofanya nikiwa mabegani mwao ni kutafuta kama Atu ananiona. Sijapona, ni hivyo nilivyo.

Alikuwa ananiona. Jumatatu akanifuata benchini, ameshika tupa, kucha amezikata fupi.

"Wifi," akasema. Ndivyo anavyoniita sasa, na siwezi kumkataza. "Nianzie wapi?"

Nikamfungia kipande cha chuma kwenye jiliwa, kilekile nilichoanzia mimi. Nikamwambia asukume kwa mwili, mkono uongoze tu. Nikaenda kwenye kazi zangu. Nilikuwa na raha, sikatai. Alikuwa mtu wa kuanza sifuri, kama sote.

Siku ya nne nilipita nyuma yake nikasikia. Tupa ya mwanagenzi hupiga kelele, inaruka, inakwaruza. Yake ilikuwa inavuta pumzi. Nikatazama chuma. Siku nne tu, bila kikuku, bila Fundi, na uso ule ulikuwa umefika pale nilipofika mimi mwezi wa tatu.

Kumbe mzee hakusema vile kwa hasira. Mkono wa Atu ulikuwa mwepesi kuliko wangu, na haukuwa wa mtu mwingine yeyote. Safari hii sikuwa na wa kumlaumu.

Halafu nikaona kiwiko. Alikuwa anakiinua juu kidogo, kila mwisho wa msukumo. Ni kosa dogo, ambalo mwanagenzi halioni mwenyewe. Likiota mizizi humbakiza mtu palepale alipo kwa miaka, akashangaa kwa nini haendi mbele. Fundi alikuwa amekaa dirishani, ametazama nje. Karakana nzima, niliyeliona ni mimi peke yangu.

"Wifi, niko sawa?" Atu akauliza, jasho linamtiririka puani.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko inavyostahili. Kisha nikaenda, nikamshika kiwiko, nikakishusha.

"Kaa hapo," nikasema. "Haya, sukuma."

Akasukuma. Ilikuwa safi kuliko yangu.